Saa Kumi Kasoro Robo

Ljubljana imelala. Theluji imeziba madirisha ya chini
na mimi bado nimeinamia hadubini
nikilichunga tone moja
lisilozidi unene wa unywele.

Juu ya ngozi yake nyuzi zimelala bega kwa bega,
nyuzi za protini, ngumu, hazijui kichwa wala mkia,
na katikati yake vibarua, nao protini,
wenye miguu miwili,
wanavuta, wanasukuma,
kila hatua tonge moja la chakula nililowapimia jioni.
Hakuna msimamizi.
Fuwele hii ni ya majimaji: imejipanga kama jeshi
na inatiririka kama uji.

Bibi yangu Pavla, kule Idrija,
alisuka lesi juu ya mto mrefu, mviringo, kama gogo.
Vijiti vyake ishirini na vinne viligongana
ko, ko, ko, mpaka kengele ya kanisa.
Nyuzi zililizunguka gogo zikarudi zilikotoka
bila kugombana hata mahali pamoja.

Nilipotimiza miaka tisa nikamletea mpira.
Uvike huu, nikasema, tuutundike kwenye mti wa Krismasi.
Akasuka wiki nzima. Akafumua.
Akasuka tena. Kila alipozilaza sawasawa upande huu,
upande ule zilisimama kama nywele za utosini.
Akatoa pini iliyokuwa mdomoni:
"Neža, gogo ni muungwana. Mpira una kiburi."
Babu akacheka mpaka akakohoa,
mikono ikimtetemeka kwa miaka thelathini
ya kuchimba zebaki.

Si kiburi, Bibi. Ni hesabu.
Tufe lolote ukilivika nyuzi
lina deni la mbili.
Lilipe kwa mkupuo au kidogo kidogo,
hupunguziwi.
Hizi zangu, kwa kuwa hazina kichwa, hulipa kwa nusu.
Nusu, nusu, nusu, nusu.
Kasoro nne; jumla mbili kamili,
si mbili kasoro robo.

Kila kasoro ina umbo la nyota yenye mkia
na hukimbia kichwa mbele, maana vibarua hawalali.
Zinachukiana. Zingependa kukaa mbalimbali,
kila moja kwenye pembe yake ya piramidi,
lakini nani atazipa nafasi ya kukaa?
Zinateremka hadi zote nne ziko kwenye mshipi mmoja,
zinapishana, zinapanda,
piramidi nyingine, iliyopinduka.
Kisha mshipi. Kisha piramidi.
Nimezilinganisha na saa ya ukutani:
inayochelewa ni ya ukutani.

Saa nane nilitia chumvi nje ya tone.
Maji yakalitoka taratibu, ngozi ikalegea kama soksi.
Nilidhani litasinyaa tu.
Lakini palipo na kasoro, hapo hapo,
ngozi ikanyanyuka, ikarefuka, ikapapasa.
Mikono minne.
Kule nyuzi zilikojipanga vizuri
hakukuota kitu.

Nikamwita Blaž wa chumba cha pili.
Akaja na kijiko cha supu mkononi.
Tukatazama kwa zamu, yeye, mimi, yeye,
na supu yake ikapoa huko ilikokuwa.

Sasa ni saa kumi kasoro robo na chakula kinaisha.
Vibarua wanasimama mmoja mmoja, bila kuaga.
Mkono mmoja umebaki nje, umepinda kidogo,
kama wa mtu aliyesahau alichotaka kuchukua.
Nimehesabu tena. Nne.
Uchovu haukulipunguza deni.

Ule mpira ulitundikwa hivyo hivyo, Krismasi ile.
Bado ninao, kwenye sanduku la viatu.
Mwezi uliopita nilitafuta matundu, nikayapata matatu.
Nikaugeuza, nikaugeuza, nikakasirika;
nikakaribia kumpigia Blaž usiku ule.
La nne lilikuwa chini ya kitanzi.
Bibi alikuwa amepitisha utepe humo.